Kabla ya dripu ya kwanza

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu, na pole kwa habari za mdogo wako. Kwa kuwa tibakemikali ya limfoma yake (saratani ya tezi za limfu) inaanza Alhamisi ya wiki ijayo, nikujibu lile ulilouliza: jinsi ya kulinda uzazi wake.

Msinunue unga wa mizizi wala vidonge vya "kulinda korodani". Hata sindano za homoni za kulaza korodani zimejaribiwa kwa wanaume, hazikufaa kitu. Dawa za tibakemikali huua chembe hai zinazogawanyika upesi, na korodani haipumziki: mbegu huchukua siku kama 74 kutengenezwa. Njia ya kutegemea ni kugandisha mbegu mapema. Dozi moja ikishaingia, zinazotoka huenda zimejeruhiwa vinasaba.

Leo apige simu kliniki ya upandikizaji mimba. Ajizuie siku 2 au 3, atoe sampuli ya kwanza Ijumaa, ya pili Jumatatu, ya tatu Jumatano. Atumie mkono tu. Mate, sabuni, mafuta na kondomu za kawaida hudhuru mbegu. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi, likimwagika aseme. Akitolea nyumbani, kikopo kikae kwapani, kifike maabara ndani ya saa moja. Wapo wanaokiweka kwenye barafu wakidhani wanasaidia, kumbe baridi ya ghafla inaua: maabara huchanganya kwanza na dawa yenye gliseroli, hupoza polepole, ndipo huzamisha kwenye naitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. (Na mama asimsindikize. Aibu peke yake yatosha kukausha kikopo.)

Watampima damu: VVU, homa ya ini B na C, kaswende.

Majibu ya sampuli yakisema mbegu ni chache, asikate tamaa. Limfoma yenyewe na homa zake huzipunguza. Zikiyeyushwa, nyingine hufa, mara nyingi hata nusu, lakini siku hizi mbegu moja hai hudungwa ndani ya yai moja. Kisipopatikana kitu kabisa, daktari wa mkojo anaweza kuzitafuta kwa kukata kipande kidogo cha korodani.

Muulizeni daktari majina ya dawa. Kama ni ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za limfoma, wengi hurudiwa na mbegu baada ya mwaka mmoja au miwili. Ikibidi kubadilisha, akapewa prokabazini au siklofosfamidi nyingi, matumaini hupungua sana. Ndiyo maana agandishe hata kama wanaanza na ABVD. Nguvu za kiume ni jambo jingine, chembe zinazotoa testosteroni hustahimili zaidi. Kwa hiyo, asije akatia mimba kwa mbegu zilizojeruhiwa, atumie kondomu muda wote wa matibabu, na hadi mwaka baada yake.

Kabla ya kulipa, aulize nani hujazia naitrojeni, maana hugeuka mvuke kila siku, na kama sampuli zitagawanywa kwenye matangi mawili. Mkataba una kipengele cha nani mwenye kauli juu ya mbegu hizo akifariki. Hicho akijaze yeye mwenyewe, si wewe.

Wako,
Juma