Montaji si kutupa sehemu mbaya

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia mhariri kwa mhariri, ingawa wewe unakata maneno na mimi nakata picha. Wiki iliyopita gazeti lenu lilitoa ukurasa mzima juu ya vijana wa Bukavu wanaotengeneza filamu za dokumentari. Mliwataja waongozaji, mkawataja wapiga kamera, hata dereva aliyewafikisha Kalehe kwa barabara ile tunayoijua wote. Mtu wa montaji, yule anayechagua na kuunganisha picha ziwe filamu, hakupata jina. Alipata mstari mmoja tu, chini kabisa: eti kazi yake ni "kutoa sehemu mbaya". Mimi mama nimekula na kulipa minerval (karo ya shule) ya watoto kwa kazi hiyo miaka 14. Naomba nafasi nijibu.

Sehemu mbaya hujionyesha zenyewe. Kamera imeanguka, mtu amepita mbele, upepo wa ziwa umejaa kwenye maikrofoni: mtoto wangu wa darasa la nne anaziona. Kazi inaanza hizo zikishatoka, ukabaki na saa 60 za picha nzuri ambazo lazima zigeuke dakika 52, kwa kuwa televisheni za Ulaya hupenda kipimo hicho. Sekunde moja ni picha 25. Ukikata picha tano mapema, mtu aliyekuwa anafikiri anaonekana kama amekosa jibu.

Shule yangu ilikuwa harusi. Nilianzia Kadutu, katika studio ya bwana mmoja mpiga video, nikiwa nafuta vumbi na kuandika majina juu ya DVD. Siku moja akaugua malaria, na harusi ilikuwa inadaiwa Jumamosi. Nikaketi mbele ya mashine. Jumatatu asubuhi shangazi wa bwana harusi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni: amesafiri kutoka Walungu, amecheza mpaka kiatu kikakatika, na kwenye video haonekani hata kisigino! Nikairudia yote. Tangu siku hiyo najua kila uso ninaoutupa una mwenyewe. Na ng'ombe wa mahari, kwa sisi Bashi, mwonyeshe mzima, miguu yote minne, la sivyo utasababisha kesi.

Umeme sitausema sana. Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu hapa hapa, mabwawa yako karibu na mji, na bado mimi nafanya montaji kuanzia saa sita za usiku maana ndipo kuran ya umeme inapokuwa na nguvu ya kubeba ordinatere (kompyuta) na diski mbili. Tuendelee.

Miaka kadhaa iliyopita kundi moja la wageni lilikuja kupiga filamu juu ya akina mama wabeba mizigo wa Bichi Muhanzi, bandari ndogo ya Bukavu, pale mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi inaposhusha nanasi, ndizi na makala (makaa ya kupikia). Niliajiriwa kupanga rashi, yaani picha zote kabla hazijakatwa, na kutafsiri Kiswahili na Mashi, lugha yetu Bashi. Montaji yenyewe ingefanyikia kwao. Basi nikasikiliza yote, saa baada ya saa, na daftari langu la mistari, nikaandika kila neno na dakika yake.

Mama mmoja nilimpenda tangu siku ya kwanza. Gunia liko mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, na anazungumza bila kusimama. Akasema (naandika kama alivyosema): "Hii kamba imenichorea paji ya uso. Siku ya mwisho Mungu hataniuliza jina, ataangalia tu hapa. Mungu iko." Kisha akacheka. Alicheka sekunde 11, gunia likitikisika naye, mpaka akaegemea ukuta. Pembeni ya mstari huo daftarini niliweka nyota mbili.

Filamu ikarudi baada ya mwaka, ikaonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Yule mama ameketi safu ya mbele na kitenge kipya. Ikafika sehemu yake. "Mungu iko" imeandikwa chini kwa Kifaransa: Dieu existe, yaani Mungu yupo kweli. Kana kwamba mama alikuwa anabishana na wanafalsafa! Wewe unaijua "Mungu iko" ya kwetu: ni pumzi, ni namna ya kufunga mazungumzo, mara nyingine ni kumchokoza Mungu mwenyewe. Na palepale, neno lilipoisha, wakakata. Ikaingia filimbi ya huzuni na ziwa wakati wa magharibi.

Taa zilipowaka mama akanigeukia mimi, si wale wageni. "Na kicheko yangu mulitia wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Wageni hawakuwa watu wabaya. Walilipa vizuri na daftari langu walilitumia. Lakini aliyeketi kwenye meza ya montaji kule hakusikia kicheko, alisikia kelele baada ya maneno, naye tayari alikuwa na filamu kichwani ambamo mama wa Kivu halii wala hacheki, anateseka tu. Ndiyo sababu nikaanza kuongoza filamu zangu: si kwa kutaka jina kubwa, nilitaka kukaa kwenye kile kiti cha mwisho.

Mtaniambia hayo ni mambo madogo ya mafundi. Kumbukeni Septemba 2015, serikali ilipozuia filamu ya Mbelgiji Thierry Michel juu ya Daktari Mukwege, anayewatibu hapa Bukavu akina mama waliobakwa vitani. Waziri alilalamika kwamba maneno ya akina mama yametafsiriwa vibaya ili kulichafua jeshi. Oktoba wakaifungulia. Mimi siamini tafsiri ndiyo iliyowauma, lakini angalieni mlango walioutumia: maandishi ya chini, yale ambayo sisi hulipwa dola chache kuyaandika usiku.

Na msiseme kwetu hakuna njia. Mwongozaji Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alianza kwa masomo ya udaktari. Akashika kamera mwenyewe, akapanda boti na majeruhi wa Vita ya Siku Sita iliyopiganwa mjini kwao mwaka 2000, waliokuwa wanateremka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia zao. Mwaka 2020 filamu ya safari hiyo iliingia katika orodha rasmi ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, ya kwanza kutoka Kongo. Ukiitazama, watu wanaimba, wanagombana, wananyeshewa mvua chini ya turubai, na hakuna aliyewanyang'anya mzaha wao.

Ombi langu ni dogo, Ndugu Mhariri. Mkiandika juu ya filamu, ulizeni nani aliketi mezani, na meza ilikuwa mji gani. Na vijana wenu wanaowasindikiza wageni na kamera, waandike kwenye mkataba kabla ya siku ya kwanza kwamba nakala ya rashi inabaki hapa. Mimi sikuandika. Kilichoniokoa ni diski ya akiba niliyokuwa nafanyia tafsiri, ambayo hakuna aliyekuja kuidai.

Mwezi uliopita nilitoa sehemu ile kwenye diski, pamoja na kicheko chote, nikampelekea mama kwenye simu ya binti yake. Aliitazama mara tatu, akacheka upya. Kisha akaniomba kitu kimoja: pale kabla ya kusema, anapopangusa makamasi kwa ncha ya kitenge, niondoe.

Nikaondoa. Hapo mwandishi wenu alikuwa na haki.

Mama wa montaji,
Kadutu, Bukavu