Mbwa mchanga anayebwekea mti mtupu

Majani yakianza kupukutika, simu tunazopokea sisi tunaofundisha mbwa wa kuwinda rakuni huwa karibu zinafanana. Mbwa ana miezi kumi, pua anayo, sauti yake inasikika bonde zima, na kila usiku anasimama chini ya mti akibweka mpaka povu linamtoka. Mwenyewe anamulika tawi kwa tawi, haoni kitu. Usiku wa kwanza anasema labda rakuni amejificha. Usiku wa tano anatuuliza kama mbwa ni mzima kichwani.

Mbwa ni mzima. Mara nyingi anafanya kile kile alichofundishwa, na aliyemfundisha hakujua kama anamfundisha.

Tuko kusini mwa Kentucky, si mbali na Bowling Green, mji ambao siku hizi una familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo na Burundi. Baadhi ya vijana wamepelekwa porini na wenzao wa kazini, wakaupenda uwindaji huu, wakarudi nyumbani na mbwa mchanga wa zawadi. Maelekezo wanayoyakuta ni ya Kiingereza cha wawindaji, ambacho hata aliyezaliwa hapa hukizoea polepole. Haya tumewaandikia wao.

Kwa ambaye hajawahi kwenda: rakuni ni mnyama wa usiku, mkia una pete nyeusi, na kuzunguka macho ana weusi kama amevaa kinyago. Akifukuzwa hupanda mti. Kazi ya mbwa ni kuokota harufu, kuifuata huku akitoa sauti, kuutambua mti, kisha kukaa hapo hapo akibweka hadi mtu afike. Mwindaji hakimbii na mbwa, anasimama gizani anasikiliza. Njiani mbwa hulia kwa sauti ndefu ya kuvuta. Akifika mtini sauti hukatika, inakuwa mibweko mifupi ya harakaharaka. Wa kwetu tunawajua kwa sauti kama unavyomjua ndugu yako kwenye simu, na hakuna sehemu ya kazi hii tunayoipenda kuliko dakika ile sauti inapobadilika.

Sasa, ule mti mtupu. Rakuni ni hodari wa kupiga chenga. Anaweza kupanda mti, akaacha harufu kwenye gome, akatembea juu ya tawi, akahamia mti wa pili au akashuka upande mwingine na kuingia mtoni. Mbwa mzoefu akifika haamini gome peke yake. Huuzunguka mti, mara nyingi anapanua duara kutafuta kama harufu imetoka tena, na asipoikuta ndipo anarudi kubweka. Mbwa mchanga hana subira hiyo. Ananusa gome, anasikia harufu, anaanza.

Hapo ndipo sisi binadamu tunapoharibu. Umetembea nusu saa kwenye miiba, umefurahi kumsikia mwanafunzi wako, unafika unampigapiga mgongoni, “Safi sana! Safi!” Kisha ndipo unamulika juu. Mbwa ameshapokea mshahara wake kabla ya mtu kukagua kazi. Rudia hivyo usiku sita au saba, naye atajua kuwa mti wowote unamleta bwana wake na sifa. Rakuni hahitajiki tena katika hesabu hiyo.

Mimi mwenyewe nilimharibu hivyo jike mmoja wa aina ya Bluetick. Sauti yake ilikuwa nzuri mno, na kila alipoanza kubweka mtini nilikuwa nakwenda mbio kumsifu. Kumrudisha kulinichukua msimu mzima, na hata baada ya hapo hakuwa na uhakika wake wa zamani. Bado inaniuma, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Tunachofanya na mbwa wa namna hii hakina siri. Tukifika mtini hatusemi neno. Tunamfunga kamba, tunamsogeza hatua chache, tunamulika kwa utulivu huku tukitafuta macho yanayong’aa. Rakuni akionekana, hapo ndipo mbwa anaachiwa arudi mtini na kusifiwa kwa moyo wote, naye amwone kwa macho yake kama inawezekana. Asipoonekana, na mti ni mwembamba hauna pa kujificha, tunamwondoa kimyakimya. Hatumpigi wala hatumfokei. Tunatembea naye mbali, tunamwachia upya.

Kuna mti wa aina ya tatu, nao ndio unaowachanganya watu: mti mkubwa wenye tundu. Rakuni anaweza kuwa ndani kabisa, na mbwa akawa sahihi huku wewe huoni chochote. Mashindano ya usiku ya United Kennel Club, chama cha kusajili mbwa kilichoanzishwa mwaka 1898, yanalitambua jambo hili vizuri. Mbwa wa kwanza kutangazwa mtini anaandikiwa pointi 125. Rakuni akionekana pointi ni zake, mti ukiwa mtupu waziwazi anakatwa, na kama kuna tundu au majani mazito ambayo rakuni angeweza kujificha, pointi zinazungushiwa duara, hazihesabiwi kumpa wala kumnyima. Hata usiposhindana, ichukue hukumu hiyo. Kwenye mti wenye tundu usimsifu sana na usimwadhibu.

Kola ya umeme kwa kosa hili hatuitumii, na tunawaomba wateja wasiitumie. Kwa mbwa anayekimbiza kulungu ina nafasi yake, kwa mkono wa mtu anayejua na baada ya kuwa na hakika kabisa anachokimbiza. Lakini ukimpiga umeme chini ya mti, haelewi kwamba kosa ni kukosekana kwa rakuni. Anaelewa kuwa mti unauma. Tumeletewa mbwa wa aina hiyo. Anafuata harufu vizuri hadi hatua ishirini kutoka mtini, anasimama, ananyamaza. Huyo ni mgumu kumponya kuliko anayebweka ovyo.

Ngozi ya rakuni inayoburutwa kwa kamba uwanjani ni mwanzo mzuri kwa mbwa wa miezi mitatu au minne. Mchezo uwe mfupi, uishie kwenye ngozi iliyoning’inizwa mtini, na mara chache kwa wiki zinatosha, akichoka nao amekwisha kujifunza kuudharau. Akifika miezi sita hadi minane tunampeleka porini na mbwa mzee mtulivu asiyekimbiza kulungu. Hata huyo mzee tunamtumia kwa kiasi. Mchanga anayewinda na mkubwa kila usiku hujifunza kumfuata mkubwa, wala si harufu, na siku akiwa peke yake anabweka kwa kubahatisha. Kwa hiyo tunabadilisha: usiku mmoja wawili, usiku unaofuata peke yake, hata kama peke yake harudi na kitu.

Chanjo hatuzifanyii mjadala. Rakuni hubeba kichaa cha mbwa, distempa (ugonjwa wa virusi unaoua mbwa) na leptospira, vimelea vya ugonjwa ule ambao Tanzania waliuita homa ya mgunda mwaka 2022. Mbwa aliyeumwa na rakuni mwangalie kwa wiki mbili: miguu ya nyuma ikilegea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kinyesi cha rakuni kina mayai ya minyoo hatari kwa watu, hasa watoto, kwa hiyo osha mikono na viatu ukirudi.

Ukituletea mbwa, usiku mitatu ya kwanza hatumfundishi kitu, tunamtazama tu, kisha tunakupigia kukueleza tulichokiona. Wapo tunaowarudisha hapo hapo kwa sababu tatizo ni la mwenyewe, na tunampa saa moja ya mazoezi yeye badala ya mwezi wa mbwa. Tunapokea walio na miezi sita kwenda juu, wenye kadi ya chanjo. Mwenye mbwa lazima aje usiku miwili ya mwisho, na awe na leseni yake ya uwindaji. Mashamba tunayotumia tumeruhusiwa na wenyewe; wewe pia, kabla ya kumwachia mbwa kwenye ardhi ya mtu, gonga mlango wake mchana uombe.

Njoo na tochi ya kichwani yenye betri kamili, na usije na viatu vipya.