Barua kwa mwanangu anayetaka kusomea ndege wa porini

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Swali lako nalo nimelipokea, na nimeona nikujibu hadharani manake si wewe peke yako, vijana wengi wananiuliza kitu hikihiki, kwamba kazi ya kutafiti ndege ikoje na mtu anaishije nayo. Ntakuandikia kama shangazi yako na sio kama mwalimu, kwa hiyo mpangilio usiutegemee sana.

Nikwambie kabisa ninachoamini baada ya miaka yote hii: kazi hii inataka mtu wa kurudi. Kurudi palepale, mwaka huu, mwakani na mwaka unaofuata, kuhesabu ndege walewale kwa njia ileile, hata msimu ambao huoni kitu kipya na aliyekupa hela ameshachoka kusubiri. Kupenda ndege peke yake hakutoshi, wanaopenda ndege tuko wengi.

Chukua Amani, huko kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanga. Mtafiti William Newmark alianza kutega nyavu kwenye ile misitu mwaka 1987. Nyavu zenyewe ni nyembamba kiasi kwamba ndege hazioni, zinafungwa kwenye fito ndani ya msitu, zinafunguliwa alfajiri na mnazipitia kila baada ya muda mfupi ili ndege asikae akahangaika, unamtoa taratibu, unamtia kwenye mfuko wa kitambaa, unampima uzito, unapima bawa, unamvisha mguuni pete ya alumini yenye namba, unaandika, unamwachia aende zake. Basi, hiyo ndo kazi. Halafu unarudi tena mwaka mwingine na ukimkuta yule mwenye pete unajua yuko hai, na usipomkuta miaka na miaka nako unajifunza kitu, na ukikusanya pete nyingi kwa muda mrefu unaweza kukadiria ni wangapi wanaopona kila mwaka na wangapi wanaopotea.

Misitu ya kule imekatwakatwa na mashamba ya chai na ya wakulima, kwa hiyo kuna msitu mkubwa na kuna vipande vidogo vilivyobaki peke yake. Ukipita barabarani vyote vinaonekana kijani, vyote vina ndege wanaimba, utasema hapa pako salama. Nyavu na viota vimesema kingine: ndege wengi wa chini ya msitu, wale wanaorukaruka karibu na ardhi wakitafuta wadudu, wanatoweka kwenye vile vipande, na viota vyao huko vinaharibiwa zaidi kuliko vya msitu mkubwa, mayai na makinda yanaliwa. Mwaka 2021 ukatoka utafiti mwingine uliotumia data za miaka 30 hivi za nyavu hizohizo, ukaonyesha kwamba joto linavyoongezeka, kupona na kuongezeka kwa baadhi ya ndege hao kunashuka. Hebu niambie, hilo la joto ungelipata kwa mradi wa miaka mitatu? Hata kidogo. Kila aliyeamka alfajiri kwenda kufungua nyavu miaka ya tisini alikuwa anajibu swali ambalo alikuwa hajaulizwa bado.

Na ndege akiondoka haondoki peke yake. Mwaka 2003 watafiti Norbert Cordeiro na Henry Howe walichapisha kazi yao ya hukohuko Usambara kuhusu mti mmoja wa kule, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake zinasambazwa na ndege. Kwenye vipande vidogo ndege wa kuzibeba wamepungua, mbegu nyingi zinabaki na kuangukia chini ya mti mama, na miche inayochipua mbali na mama inakuwa michache. Mti bado umesimama, mtu anaupita kila siku akienda shamba, kumbe watoto wake hawafiki mbali. Kazi hii naipenda sana na nataka uisome mwenyewe, usiishie kwenye maelezo yangu.

Sasa kuna jambo ambalo darasani wanaweza wasikwambie. Miaka ya 1928 mpaka 1946 alikuwepo Amani Mwingereza mtafiti wa ndege anaitwa Reginald Moreau, jina lake utalikuta kila mahali, mpaka kuna ndege mdogo wa Amani mwenye jina lake la kisayansi, Artisornis moreaui. Ila Moreau hakuwa peke yake msituni, alikuwa na Salimu Asmani, mtu aliyeujua msitu na sauti za ndege, na jina la Salimu wanafunzi wengi wanamaliza chuo hawajawahi kulisikia. Ndo maana nilifurahi sana, tena nilifurahi kwelikweli, nilipoona mwaka 2013 ile makala ya kuzaliana kwa ndege wa chini ya msitu Usambara ina jina la Mtanzania, Victor Mkongewa, mbele, halafu ndo Newmark na mwenzake Stanley. Hayo ni mabadiliko mwanangu, na hayakuja yenyewe.

Au mchukue Mtanzania mwingine, Jacob Kiure. Unajua ile habari ya kwale wa milima ya Udzungwa? Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini waliona miguu ya ndege kwenye chungu cha mboga, miguu wasiyoijua, baadaye wakampata ndege mwenyewe na mwaka 1994 akatangazwa kuwa mpya kabisa kwa sayansi, na ukoo wake wa karibu uko Asia. Watu wanapenda kusimulia habari ya chungu halafu wanaishia hapo. Lakini kwale wa namna hiyo wako pia milima ya Rubeho, na taarifa yao ya mwaka 2003 imeandikwa na Jon Fjeldså wa Denmark pamoja na Kiure, na mwaka uliofuata wakashiriki tena kumtangaza ndege mwingine mdogo wa Rubeho, Sheppardia aurantiithorax. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege na milima yetu bado haijamaliza kusema.

Kinachonikosesha usingizi mimi lakini ni tumbusi. Najua umekua ukisikia ni ndege mchafu, mla mizoga. Nakuomba hilo uliache hapohapo, manake ule mzoga anaoumaliza kwa muda mfupi kama usingemalizwa na yeye ungeliwa na mbwa na kuoza na kutapakaza magonjwa. Tumbusi kwa kawaida anataga yai moja tu, kinda lake linakaa miaka mingi mpaka nalo lianze kuzaa, kwa hiyo wakifa wengi kwa mpigo hawarudi haraka. Na wanakufa kwa mpigo, manake wanakula pamoja. Mfugaji simba kamuulia ng'ombe, kwa hasira anatia sumu kwenye mzoga ili amkomoe simba, na tumbusi wanashuka. Jangili naye anatia sumu kwenye mzoga wa tembo makusudi kabisa, kwa sababu tumbusi wakizunguka juu askari wanajua pa kwenda. Botswana mwaka 2019 walikutwa tumbusi 537 wamekufa kwenye mizoga mitatu tu ya tembo. Mtafiti Darcy Ogada na wenzake walikusanya hesabu za Afrika nzima wakachapisha mwaka 2016, aina nane walizozipima zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 ndani ya miaka 30. Na hizo hesabu zilipatikana kwa sababu kuna watu zamani waliendesha gari kwenye barabara ileile wakihesabu, na wengine wakaja kurudia barabara hiyohiyo.

India ilikuwa mbaya zaidi, kuna aina moja ilipungua kwa asilimia 99.9 kati ya 1992 na 2007, na watu walihangaika kwanza na mawazo ya ugonjwa mpaka mwaka 2004 ikajulikana chanzo ni diklofenaki, dawa ya maumivu, hiihii tunayonunua famasi, ng'ombe alitibiwa nayo, akafa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi akala, figo zake zikaharibika. Mwaka 2006 India ikaipiga marufuku kwa mifugo. Nikisoma habari hiyo napata nguvu, kwa sababu kuna mtu alipasua ndege waliokufa mmoja mmoja mpaka akajua.

Usije ukaingia kijijini na kuanza kuhubiri. Hili nakusisitiza sana. Mama mwenye mpunga wake anajua kwelea kwelea kuliko wewe, watoto wake wanashinda shambani kuamia ndege badala ya kuwa darasani, na kundi likishuka linaweza kumaliza msimu wake wote. Serikali inaleta eropleni ya kunyunyizia sumu na ile sumu inaua na wengine wasiohusika, bundi na vipanga waliokula wale waliokufa. Kondoa watu wana ujuzi wao wa kuwatega kwelea kwa chakula na watafiti walienda kujifunza kwao na kupima kama utegaji wa wingi unaweza kusaidia kupunguza sumu. Utafiti wa namna hiyo ndo nautaka kwako, unaoanza kwa kumsikiliza mwenye shamba. Hata wazee wanaomwogopa bundi, kaa nao, wasikilize mpaka mwisho, watakuonyesha anapolala.

Haya, hela. Najua baba yako anauliza, na ana haki, yeye ndo analipa ada. Ajira za kudumu ni chache, ziko kwenye taasisi za serikali za wanyamapori na misitu kama TAWIRI, TANAPA, TAWA na TFS, na kwenye vyuo, na nafasi zikitoka mnagombea wengi. Miaka ya mwanzo utaishi kwa mikataba mifupi ya miradi. Kazi za tathmini ya mazingira zinasaidia, mtu akitaka kujenga mitambo ya upepo au laini kubwa ya umeme inabidi ijulikane ni ndege gani wanapita hapo, na mtu anayejua ndege kwa sauti anatafutwa. Chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo tangu 1963, SUA, chuo kikuu cha kilimo, ipo, Chuo Kikuu cha Dar kipo, popote utakapopata nenda, ila takwimu usizikimbie, jifunze R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, mapema kabla hata ya masta, manake wengi wetu tunakusanya halafu tunampelekea mwingine achambue, na anayechambua ndo anayeandika.

Na mikataba isome. Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye mradi mmoja misimu kadhaa, data zote zikaondoka kwenye hadisiki, makala ikatoka na majina yetu wa fildi hayapo hata kwenye shukrani. Iliniuma na inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo uliza kabla hamjaanza, kwa maandishi, nani anabaki na nakala ya data na nani anaandikwa. Anayekasirika kwa swali hilo, mwache.

Kuhusu kuwa msichana porini, tutaongea kwa simu, kuna mambo ya kambi na usalama ambayo sitaki kuyaandika hapa, ila jibu fupi ni kwamba inawezekana na tuko wengi kuliko zamani.

Kabla hujajaza fomu ya chuo njoo kwanza ukae na sisi, ukimaliza mitihani tu. Panda basi la Tanga ushuke Muheza, hapo kuna gari za kupanda Amani, uwahi manake mvua ikinyesha ile njia inakuwa ngumu. Lete sweta, kule kuna baridi, viatu vya kufunga, daftari gumu na penseli kwa sababu kalamu ya wino ikilowa inafutika. Darubini usinunue, utatumia yangu ya zamani. Na uanze kuzoea kuamka saa kumi alfajiri kuanzia sasa hivi, ukiwa bado uko kwenu.

Shangazi yako