Pumba tupu hazimjengi mwanakondoo

Mhariri,

Naomba nafasi niwaambie wafugaji wenzangu wa Mbeya, Iringa na Njombe kuhusu wanakondoo walioachishwa kunyonya. Wengi huachishwa Mei na Juni, mvua zimekwisha na malisho yanakauka. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7, vijidudu vya tumboni hudhoofu na mnyama hupunguza kula hata kama nyasi ni tele. Ndipo mfugaji hukimbilia pumba za mahindi, basi.

Pumba tupu zina protini kama asilimia 10. Mwanakondoo anayekua anahitaji 14 hadi 16. Nguvu isiyopata protini ya kujengea msuli hugeuka mafuta: mkia unajaa, paja linabaki jembamba, na mwenye bucha anatazama paja. Mashudu ya alizeti tunayo hapa hapa. Changanya kilo 61 za pumba, 35 za mashudu yasiyo na ukungu, 3 za chokaa ya mifugo na 1 ya chumvi. Wa kilo 12 aanze na gramu 50 kwa siku, uongeze 50 kila baada ya siku 3 mpaka robo kilo. Ukimpa yote siku ya kwanza, tumbo hujaa asidi, anaharisha, hata kufa. Mabua ya maharage, lusina au desmodiamu, yaani malisho ya jamii ya kunde, visikose horini.

Chokaa ndiyo wengi huiruka, na hapo madume huumia. Pumba na mashudu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, hivyo bila kalsiamu ya chokaa mawe hujijenga kwenye njia ya mkojo. Utamwona ametanua miguu, anajikamua, mkia unatikisika, mkojo unatoka tone kwa tone, na kwenye manyoya ya mdomo wa govi kuna chembe kama mchanga. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Maji nayo: asubuhi za baridi kali kama za Makete kondoo hunywa kidogo, kwa hiyo warudishie maji jua likishapanda.

Tafadhali, chakula cha nguruwe na madini ya ng'ombe visimguse kondoo. Shaba iliyomo hujikusanya kwenye ini lake kimyakimya, kisha ghafla macho na fizi huwa njano na mkojo mwekundu wa kahawia.

Linaloniuma zaidi ni kunenepesha wiki 2 kabla ya sikukuu. Kinachoongezeka kwenye mizani hapo ni tumbo lililojaa zaidi kuliko nyama. Mpe mchanganyiko huo miezi 3, ukiongeza kadiri uzito unavyopanda, na umpe dawa ya minyoo mwanzoni. Kabla ya kumpeleka mnadani, bonyeza kiunoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Ncha za mifupa zikichoma vidole kama meno ya kitana, mrudishe zizini.

Mfugaji, Uyole, Mbeya