Shangazi, kuhusu ile nyota ya mawe

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, baridi imeanza kulegea na nimerudi kuvaa koti moja badala ya mawili. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na ule mguno wa mwisho kabla hujakata. Nasikia picha ya bustani ninayolima huku, yenye ile nyota ya mawe, imeshazunguka ukoo mzima na Mjomba ametoa hukumu: mtoto kapotea, kaingia uchawi wa Wazungu. Nimeona nikuandikie barua, maana wewe ndiye utakayewasomea wengine, na ukisoma wewe hakuna atakayekukatiza.

Nianze kwa kukiri kilicho kweli. Ndiyo, bustani ni ya mchawi. Mama mwenye nyumba ninayopanga hafichi, akiulizwa dini yake anaitaja bila kushusha sauti. Wala hayuko peke yake. Kwenye sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 13,000 waliandika kuwa dini yao ni Wicca, yaani hiyo dini ya uchawi wa kisasa, na wengine 74,000 hivi wakajiandikisha kuwa wapagani tu, basi.

Usije ukadhani ni mambo ya kale yaliyofichwa mapangoni. Walioitwa wachawi zamani huku yaliwakuta makubwa. Mwaka 1612 watu 10 wa upande wa Pendle, kaskazini mwa Uingereza, walinyongwa, na shahidi mmojawapo alikuwa binti mdogo aliyesimamishwa mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya mama yake mzazi. Hii ya sasa ni changa. Sheria ya mwisho ya uchawi ilifutwa mwaka 1951, na mwaka 1954 mzee mmoja, Gerald Gardner, aliyewahi kuwa ofisa wa forodha kule Malaya (Malaysia ya leo), akaanza kuiandika hadharani. Kwa hiyo dini yenyewe imekuzidi umri kidogo tu, Shangazi. Na hakuna anayerogwa. Kanuni yao kubwa ni kwamba utende utakavyo ili mradi humdhuru mtu.

Mimi kazi yangu ni jembe. Magoti ya mama mwenye nyumba yamechoka, hawezi kupiga magoti wala kuinua mfuko wa mboji, kwa hiyo yeye anaamuru na mimi nachimba. Badala yake amenipa kipande cha nyuma nikifanye nitakavyo. Huko nitafika.

Uwanja ameugawa kwa pande nne. Kaskazini ni udongo, mashariki hewa, kusini moto, magharibi maji. Nilipoanza niliona ni mapambo ya imani, nikatii tu. Lakini huku jua halipiti utosini, linapita upande wa kusini mwaka mzima. Rozmari na mimea mingine ipendayo joto, ambayo yeye anaiweka kusini kwa sababu ya moto, ndiko hasa inakostawi. Kaskazini, chini ya ukuta, ni kivuli na unyevu, na hapo kuna mawe yenye kuvu la kijani na majani ya mwituni yasiyotaka jua. Mashariki kapanda lavenda na nyasi ndefu zinazolala upepo ukipita. Magharibi tumefukia sinki la zamani, tukalijaza maji ya mvua, na vyura wamehamia wenyewe bila kualikwa. Mkulima asiye na dini yoyote angepanga vivyo hivyo.

Katikati ndiyo hiyo nyota ya mawe iliyowatisha. Pembe nne ni za hivyo vitu vinne nilivyovitaja, ya tano ni roho. Mwambie Mjomba achukue tufaha alikate kwa upana, asilikate kutoka kikonyoni kwenda chini. Ataiona nyota hiyohiyo katikati, penye mbegu. Getini kuna mti uitwao rowani, ambao watu wa huku tangu zamani waliupanda kuzuia uchawi usiingie, na sasa wachawi wenyewe wanaupanda. Matunda yake ni mekundu, madogo kama pilipili manga mbichi ukiyaona kwa mbali, lakini ukilishika moja na kuligeuza upande usio na kikonyo unakuta kijinyota kimekunjwa pale, pembe tano kamili. Nilichukua miwani ya mama mwenye nyumba kuhakikisha.

Sasa tuje kwenye cha kuogopa, maana kipo. Shangazi, ukinitajia majini nitanyamaza, ila ukinitajia sumu nitakuunga mkono.

Yale maua marefu ya zambarau ukutani, ambayo dada alisema yangefaa ukumbi wa harusi, ni digitalisi. Jani lake, ua lake, mbegu yake, vyote ni sumu, na vinavuruga mapigo ya moyo. Majani yakiwa machanga yanafanana na ya komfri, ambayo wengine huichemsha kama chai, na kuna waliojikuta hospitali kwa kufananisha. Lakini mmea huohuo una hadithi utakayoipenda. Mwaka 1775 daktari mmoja, William Withering, aliombwa maoni kuhusu dawa ya kienyeji ya kuvimba mwili. Bibi mmoja wa Shropshire alikuwa ameitunza kwa siri, na ilitibu pale madaktari waliposhindwa. Ndani mlikuwa na majani ya aina 20 na zaidi, naye akatambua kwamba linalofanya kazi ni hili moja. Mwaka 1785 akachapisha alichokiona kwa wagonjwa wake, na hadi leo digoksini, dawa ya moyo, inatoka kwenye jamii hiyohiyo ya mimea. Daktari anakumbukwa kwa jina lake. Bibi hakuna aliyeliandika la kwake. Na kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua viko jirani mno, ndiyo maana hakuna mwenye akili anayejitibu nayo nyumbani.

Kuna na beladona, yenye tunda jeusi linalong'aa, tamu, la kumdanganya mtoto. Atropini inayotoka humo ndiyo madaktari wa macho hutumia kupanua mboni. Hiyo tumeing'oa. Wajukuu wa mama mwenye nyumba huja hapa na kuchuma chochote chenye rangi. Alinuna kidogo, akasema mchawi bila beladona ni mchawi gani, nikamwambia mchawi ambaye wajukuu wake wako hai.

Kama anataka kuiona, ipo Alnwick, kaskazini mwa hapa, kwenye bustani ya sumu iliyofunguliwa mwaka 2005. Mle mna mimea ya kuua kama 100 hivi, geti la chuma lina alama ya fuvu, na huingii bila mwongozaji. Huruhusiwi kugusa, kuonja, wala kunusa. Wapo wageni waliowahi kuzirai mle ndani. Binafsi naona pale ndipo sumu inapostahili kukaa, nyuma ya geti.

Mingine si ya kuua ila ina masharti. Ruta, ambayo wanaiamini kwa kufukuza kijicho, usiipogoe juani mikono mitupu. Utomvu wake ukikutana na mwanga wa jua kwenye ngozi, yanatoka malengelenge, na doa lake linakaa miezi. Wenye mimba wakae mbali nayo kabisa. Halafu ipo hiperikamu, ua dogo la njano, linachumwa katikati ya kiangazi na kutundikwa mlangoni. Kulitundika hakuna shida. Kulinywa ndiyo balaa, kwa sababu linapunguza nguvu ya dawa nyingi, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango. Binamu yangu anayeagiza vidonge vya "kutuliza mawazo" mtandaoni mwambie asome kwenye kopo vimetengenezwa kutokana na nini.

Mambo ya kiibada nayo nimeyachuja, na mara nyingi tumeelewana. Vitabu vinamwambia azungushe chumvi kwenye nyota. Chumvi inaua udongo, hilo halihitaji dini kulijua, basi chumvi inakaa kwenye kisahani na kurudi jikoni. Asali ya tambiko tumeiacha pia, kwa sababu asali ya dukani inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa nyuki na kuupeleka mzingani kwa jirani. Mpira wa kioo wa kutabiria hauachwi nje, jua likipita ndani yake linawasha nyasi. Yale majani meupe ya kufukizia yanayotoka California tumeacha kununua. Mengi huchumwa porini kwa wizi hadi wenyeji wa kule, ambao ndiyo desturi yao, wanalalamika. Tunafunga rozmari yetu wenyewe, inakauka, inafuka vizuri, na nyumba inanukia wiki nzima. Mafuvu ya plastiki na vibao vya zambarau madukani siyataji, ni biashara.

Uliuliza kwa nini wana sikukuu nyingi. Ni nane, na ukikaa huku mwaka mmoja unaelewa bila kuhubiriwa. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku na saa kumi na nusu alfajiri limeshachomoza tena. Mwezi wa kumi na mbili, saa kumi kasoro jioni jua linazama. Mtu anayepitia mabadiliko hayo kila mwaka lazima ayawekee alama. Mwanzoni mwa Februari maua meupe yanatoboa theluji, tarehe 1 Mei baridi kali inakaribia kuisha na miche inatoka ndani, tarehe 1 Agosti ni mavuno ya kwanza. Kila sikukuu ina kazi yake shambani. Mimi nimezishika kama kalenda, na kusema kweli ndiyo kalenda pekee ya huku iliyonikaa kichwani.

Mwezi wa angani nao wanaufuata, mboga za majani zinapandwa ukiwa unakua, za mizizi ukiwa unapungua. Sijaona tofauti yoyote kwenye karoti. Lakini kitalu cha mwezi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kimejaa maua meupe na ya manjano hafifu, tumbaku ya mapambo inayonukia usiku tu, na primrozi ya jioni. Hii primrozi jua likishuka unaweka kiti mbele yake unaitazama. Chipukizi linavimba, vifuniko vyake vinaachia kimoja kimoja, halafu petali zinatetemeka na kufunguka mbele ya macho yako, dakika chache tu. Nondo wanafika kabla hata haijamaliza. Mama mwenye nyumba hukaa hapo ananong'ona maneno yake. Mimi hukaa hapo nikiwa kimya, na kama hiyo ni ibada sijui, ila simu huwa naiacha ndani.

Sasa kile kipande changu. Kiko kaskazini, upande wa udongo, ambao kwa imani yao ndio wa waliotangulia. Tarehe 31 Oktoba wanawakumbuka wafu wao, wanawasha taa na kuyataja majina. Mwaka jana alinikaribisha, akaniuliza mimi nina nani. Nikamtaja Babu. Shangazi, unajua sikuja kumzika. Nauli ilikuwapo, karatasi hazikuwapo, na nilizika kwa simu, nikisikia udongo unavyopigwa. Tangu hapo sikuwa na mahali pa kusimama nikasema neno. Kaburi ninalo kwenye picha tu.

Basi nimepanda rowani mdogo hapo, na chini yake nimeanza kupanga mawe bapa ya mtoni, kila moja na jina. Hakuna nyota, hakuna mshumaa mweusi. Siyasemi maneno ya mama mwenye nyumba, nasema ninayoyajua, uliyonifundisha wewe. Yeye hupita na ndoo yake, akinikuta hapo anazunguka upande mwingine.

Jiwe la Babu lipo tayari, na la Bibi. Ninachokosa ni majina ya nyuma yao. Mama mzazi wa Babu nyote mlimwita Bibi Mkubwa tu, sijawahi kusikia jina lake halisi, na huyo kaka wa Babu aliyefariki mdogo sijui hata aliitwaje. Wewe unayajua, au anayajua yule shangazi yako mkubwa, na naye siku hizi anasahau. Naomba umwendee mapema, umkute asubuhi akiwa na nguvu, uandike majina yote kwa herufi kubwa na unipigie picha ya karatasi. Kama anajua na miaka yao, hata kwa kukisia, andika pia. Rangi ya kuandikia kwenye mawe nimeshanunua, inataka hali ya hewa kavu ili ishike, na huku ukavu unaisha mwezi wa tisa.

Mjomba akiendelea kulalamika, muulize jina la bibi yake. Kama analijua, na aniletee.

Nisalimie wote, na Dada mwambie picha za harusi sijaziona.

Mwanao