Barua ya malalamiko: kadi yenu imeniulia maua

Shangani, Mtwara
14 Machi 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja
Dar es Salaam

YAH: MAELEKEZO YA KUTUNZA MAUA YA USAMBARA

Ndugu Meneja,

Tarehe 8 Februari nilipokea kwa basi vyungu sita vya maua ya Usambara nilivyoagiza kwenu kwa shilingi 108,000. Vilifika salama, na kwa hilo nawashukuru. Ninacholalamikia ni kadi mliyoichomeka katika kila chungu.

Kadi inaelekeza maua yakae juani siku nzima na majani yanyunyiziwe maji kila siku. Nilisita. Marehemu mama yangu alikulia Amani, Muheza, na alikuwa akituhadithia jinsi maua haya yanavyoota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini mwa miti mikubwa. Lakini kadi ilisema haya ni maua ya Uholanzi, nikadhani labda yana mambo yake. Basi vyungu vitatu nikaviweka nje barazani kama mlivyoagiza, vitatu nikaviacha sebuleni, karibu na dirisha la mashariki lenye pazia jepesi.

Jua la Mtwara la Februari halina huruma. Siku ya nne majani ya kule barazani yalikuwa yamepauka, kisha kingo zikaungua. Matone yaliyokaa juu ya yale manyoya ya majani yaliacha madoa, na maji yaliyotuama katikati, pale majani machanga yanapochipukia, yakaozesha kitovu chote. Kufikia tarehe 26 nilikuwa nang'oa mashina yaliyolainika kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nililia, sioni aibu kusema.

Vile vya sebuleni naviweka kwenye kisosi chenye maji ya vuguvugu kwa nusu saa, vinyonye kwa chini, kisha namwaga yanayobaki. Sivipi tena mpaka udongo wa juu ukauke. Vyote vitatu viko hai, na kimoja kina vikonyo vitano vya maua ya zambarau. Picha za vyungu vyote sita nimeziambatisha.

Naomba mnirudishie shilingi 54,000 za vile vitatu. Zaidi ya hapo, iondoeni kadi hiyo kabla hamjamtumia mtu mwingine mzigo. Mteja wa Lindi au Masasi ambaye hakuhadithiwa na mama yake atavipoteza vyote sita, na atajilaumu mwenyewe.

Na hilo la Uholanzi mlisahihishe. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, ndiye aliyempelekea baba yake ua hili Ujerumani; mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Aina za kisasa zimezalishwa ng'ambo, sawa, lakini asili yake ni milima yetu. Kulisoma jina la nchi nyingine kwenye ua la kwao mama kumeniuma kuliko fedha niliyopoteza.

Nasubiri majibu yenu ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wa Shangani