Mwanangu, Boomu Usilinunulie Belo

Mwanangu mpenzi,

Huku Moshi sote wazima, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti, kwamba unataka kununua belo la mtumba uuze chuoni, nimeusikiliza, nikaona nikujibu kwa maandishi maana kwenye simu tunaishia kubishana. Biashara fanya, tena nimefurahi. Ila belo zima la magauni kwa boomu, hiyo hela ya mkopo wa chuo, hapana.

Umekulia kwenye mtumba wa soko la Memorial, lakini wewe ulikuwa unakuta nguo zimeshaning'inizwa. Belo ni furushi lililofungwa, unalilipia kwanza, ndipo unakata kamba ujue umenunua nini. Juu yanatoka magauni ya maana, wajanja wanawahi pointi, zile nguo kali. Ukishuka chini unakutana na zipu zilizokufa, madoa ya kwapani na saizi wasizovaa wanachuo. Faida yako imelala huko chini, na huko utauza buku buku mpaka uchoke. Mimi nina meza na wateja wa siku nyingi. Wewe hapo chuoni UDOM una deka ya juu na begi chini ya kitanda.

Tena boomu ni deni. Ile 10,000 ya siku ni ya kula na kulala, na ukiajiriwa Bodi ya Mikopo wanakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Likikwama kwenye nguo utakula nini?

Anza na mikono. Kusuka unajua, na mteja wa kusuka anakuja na rasta zake mwenyewe. Wewe unahitaji kitana, stuli na maji ya moto ya kuchovya ncha. Hakuna mzigo wa kukudodea. Bei usiipange kwa jina la mtindo, ipange kwa saa: yeboyebo utaimaliza jioni moja, rasta ndogo zinakula Jumamosi nzima na mgongo juu. Ukizisuka kwa bei ya shosti, umefanya kazi ya bure. (Na mashosti ndio wagumu kulipa, nakwambia.)

Wiki boomu linapoingia, kila mtu anataka kichwa kipya. Hapo jaza nafasi, na chukua nusu ya hela mtu anapoweka miadi. Anayesema "nitakulipa boomu likitoka" mkatalie kwa upole. Boomu lenyewe linachelewa, na likitoka lina wadai mlangoni. Hela za kusuka ziingie kwenye laini nyingine, siyo hii unayonunulia chipsi. Zikikaa laini moja hutajua kama unapata au unakula tu.

Kuhusu hayo magauni, tufanye hivi. Nitakuchagulia matano ya pointi, nikupe mali kauli. Nitayatuma kwa basi na kukuandikia bei niliyonunulia. Yafue, yapige pasi, piga picha nje kwenye mwanga, weka status. Doa au kishimo kionyeshe kwenye picha, maana wateja wako unakaa nao darasa moja. Ukiuza, nirudishie bei yangu, kinachozidi ni chako. Yasipotoka mpaka mwisho wa mwezi nirudishie magauni yangu, nauli ya mzigo juu yako. Na ratiba ya UE, mitihani yenu ya mwisho wa muhula, ikitoka unifahamishe, mimi sitatuma hata leso mpaka umalize mtihani wa mwisho.

Mama yako